Daniel Gooch

Sir Daniel Gooch (Bedlington, Northumberland, 24 Agosti 1816 – Clewer, karibu na Windsor, 15 Oktoba 1889) alikuwa mhandisi wa reli kutoka Uingereza. Alikuwa msimamizi wa kwanza wa injini katika Kampuni ya Reli ya Great Western, na baadaye mwenyekiti wa kampuni hiyo hiyo kwa takriban miaka 24. Anakumbukwa hasa kwa kupendekeza mahali pa kujenga karakana kuu ya kampuni, yaani Swindon katika Wiltshire, na kwa injini za mvuke zenye kasi kubwa alizozibuni kwa ajili ya reli pana. Alishiriki pia katika kazi ya kulaza waya wa kwanza wa telegrafu uliodumu chini ya Bahari ya Atlantiki mwaka 1866.

Gooch alitetea reli pana katika sehemu kubwa ya maisha yake, lakini upana huo ulishindwa na kuondolewa kabisa miaka mitatu baada ya kifo chake. Karakana ya Swindon, iliyojengwa kuhudumia reli hiyo, iliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1986, na majengo yake mengi yamesimama hadi leo.

Maisha ya awali

Gooch alikuwa mtoto wa John Gooch na Anna Longridge. Baba yake alikuwa mtunza hesabu katika kiwanda cha chuma cha Bedlington, kiwanda kilichojulikana kwa kutengeneza reli za chuma kilichofuliwa. George Stephenson, mmoja wa waanzilishi wa usafiri wa reli, alikuwa akifika nyumbani kwao, hivyo watoto walikua wakisikia habari za injini tangu utotoni. Ndugu zake watatu, Thomas, John na William, nao walikuwa wahandisi wa reli.

Mwaka 1831 familia ilihamia Tredegar, kusini mwa Wales. Huko Daniel alianza kujifunza kazi katika kiwanda kikubwa cha chuma, akiwa kijana wa miaka 15. Alijifunza kutengeneza kalibu za kumiminia chuma, kutumia mashine za kukerezea na kutunza injini za mvuke. Baba yake alifariki mwaka 1833, na baada ya hapo alifanya kazi katika viwanda mbalimbali vya Uingereza na Uskoti.

Mwaka 1836 alikuwa mchoraji wa ramani za mashine katika kiwanda cha Robert Stephenson mjini Newcastle. Hapo alishiriki kuchora injini zilizoagizwa na reli moja ya Urusi yenye upana wa futi 6. Aliona kwamba reli ikiwa pana, fundi hupata nafasi ya kutosha kuweka mitambo mikubwa kati ya magurudumu.

Kuajiriwa na Great Western

Kampuni ya Great Western ilikuwa inajenga reli kutoka London hadi Bristol. Mhandisi wake mkuu, Isambard Kingdom Brunel, aliamua kutumia upana wa futi 7 na robo inchi, yaani milimita 2,140, wakati reli nyingine nyingi za Uingereza zilitumia milimita 1,435. Brunel aliamini kwamba reli pana ingeruhusu kasi kubwa na safari tulivu.

Gooch alimwandikia Brunel kuomba kazi. Aliteuliwa kuwa msimamizi wa injini mwezi Agosti 1837, siku chache kabla hajatimiza miaka 21. Injini alizozikuta au zilizokuwa njiani zilikuwa zimeagizwa kwa masharti ya Brunel, na nyingi zilikuwa dhaifu na za ajabu katika muundo wake. Zilizotegemewa zilikuwa chache, hasa North Star iliyotoka katika kiwanda cha Stephenson. Kwa muda mrefu Gooch alishinda mchana akisimamia safari na kukesha usiku katika banda la injini akirekebisha zilizoharibika ili treni za asubuhi ziweze kuondoka.

Wakurugenzi walipomtaka atoe taarifa yake mwenyewe, aliwaeleza wazi kasoro za injini hizo. Brunel hakufurahi, lakini wawili hao walipatana na kubaki marafiki hadi Brunel alipofariki mwaka 1859.

Kisha Gooch alipewa nafasi ya kubuni injini zake. Aina ya Firefly, iliyoanza kutumika mwaka 1840, ilikuwa na injini 62 zilizojengwa na viwanda saba tofauti. Ili zote zifanane, alituma kwa kila kiwanda michoro kamili pamoja na violezo vya bati, akataka sehemu za injini moja ziweze kuingia katika nyingine bila kuchongwa upya. Kwa wakati huo, sharti la namna hiyo lilikuwa jambo geni.

Kuchagua Swindon

Kampuni ilihitaji mahali pa kutengenezea injini zake. Mwezi Septemba 1840 Gooch alimwandikia Brunel akipendekeza Swindon, mji mdogo wa soko juu ya kilima wenye watu wasiofika 3,000, kilomita 124 kutoka kituo cha Paddington mjini London. Sababu zake zilikuwa za kiutendaji:

Kwanza, reli ya kwenda Gloucester na Cheltenham ilikuwa inakutana na reli kuu mahali hapo.

Pili, njia kutoka London hadi Swindon ilikuwa karibu tambarare, lakini kuelekea magharibi ilikuwa na miinuko. Hivyo ilikuwa busara kubadilisha injini hapo: zenye magurudumu makubwa zikimbie upande wa London, na zenye magurudumu madogo na nguvu zaidi zivute upande wa Bristol.

Tatu, mfereji wa usafiri uliopita karibu ungeleta makaa kutoka Somerset kwa bei nafuu. Tatizo kubwa la mahali hapo lilikuwa uhaba wa maji, nalo lilisumbua kampuni kwa miaka mingi.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba Brunel alirusha kipande cha mkate na kusema karakana ijengwe pale kitakapoangukia. Barua ya Gooch inaonyesha kwamba uamuzi ulitokana na hesabu. Wakurugenzi waliidhinisha mradi mapema mwaka 1841, na karakana ilianza kazi rasmi tarehe 2 Januari 1843. Meneja wake wa kwanza alikuwa Archibald Sturrock, aliyefanya kazi chini ya Gooch.

Majengo ya karakana

Karakana ilijengwa kwenye uwanja wa tambarare chini ya kilima cha mji wa zamani, kando ya reli kuu. Kuta zilikuwa za mawe ya chokaa, mengine yakiwa yametokana na uchimbaji wa handaki la reli la Box, kati ya Swindon na Bath. Kutumia mawe hayo kulipunguza gharama, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuchimbwa na yalisafirishwa kwa reli ya kampuni yenyewe.

Jengo refu kuliko yote lilikuwa banda la injini zilizokuwa katika kazi ya kila siku. Lilikuwa na urefu wa karibu mita 150, likienda sambamba na reli kuu. Jengo la matengenezo liliunganishwa nalo kwa pembe mraba. Ndani yake, injini ziliwekwa pande mbili, kila moja kwenye kipande chake cha reli. Katikati palikuwa na njia iliyopitiwa na jukwaa lenye magurudumu. Injini ilipoingia ilipandishwa juu ya jukwaa hilo, ikasukumwa hadi mbele ya nafasi iliyo wazi, kisha ikaingizwa mahali pake. Kwa mpango huo, injini moja iliweza kutolewa bila kuzisogeza nyingine. Paa la mbao lilibebwa na kenchi pana, na mwanga uliingia kupitia vioo.

Majengo mengine yalizunguka ua: sehemu ya wahunzi, ya kumiminia chuma, ya kukerezea, ya kuunganisha injini, na ofisi. Mpangilio ulifuata safari ya kazi yenyewe, ili chuma kisibebwe huku na huko bila sababu. Mwaka 1861 kiliongezwa kinu cha kusokotea reli. Mafundi wengi wa kinu hicho walitoka Wales, na wengine walijengewa nyumba zao katika mtaa ulioitwa Cambria Place.

Mwanzoni karakana ilikusudiwa kwa matengenezo tu. Mwaka 1846 ilitoa injini yake ya kwanza, Premier, ingawa boila yake ilitengenezwa kwingine. Mwaka huohuo ilitoa Great Western, injini ya kwanza kujengwa yote Swindon, iliyokamilika kwa wiki 13 tu.

Makazi na maisha ya wafanyakazi

Swindon haikuwa na mafundi wala nyumba za kuwaweka. Kampuni ilijenga upande wa pili wa reli kijiji cha nyumba 300 za mawe, kwa mpango wa Brunel. Mitaa ilipewa majina ya miji iliyofikiwa na treni, kama Bristol, Exeter, Taunton na Reading. Kanisa la Mtakatifu Marko, lililochorwa na George Gilbert Scott, lilifunguliwa mwaka 1845.

Maisha ya miaka ya kwanza yalikuwa magumu. Nyumba zilijengwa polepole kuliko watu walivyokuja, hivyo familia zilibanana na magonjwa yakaenea. Mwaka 1847 biashara ya reli iliporomoka nchini kote, na wafanyakazi wengi wa karakana waliachishwa kazi. Katika mji uliokuwa na mwajiri mmoja, aliyepoteza kazi hakuwa na pa kukimbilia, na hakuweza kumlipa daktari.

Katika kipindi hicho, kwa juhudi za Gooch, ulianzishwa mfuko wa matibabu wa wafanyakazi mwaka 1847. Kila mfanyakazi alikatwa kiasi kidogo kwenye mshahara, na kampuni ikampa daktari nyumba. Familia nzima ilitibiwa kwa mchango huo. Baadaye mfuko ulikuwa na hospitali, zahanati na mabafu yake. Uliendelea hadi mwaka 1948, serikali ya Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya kwa raia wote.

Wafanyakazi walikuwa pia na chama cha elimu chenye maktaba, masomo ya jioni na maonyesho ya muziki na michezo ya kuigiza. Jengo lake kubwa lilifunguliwa mwaka 1855. Mwaka 1849 ilianza desturi ya treni ya bure ya matembezi kwa wanachama na familia zao. Safari ya kwanza ilikwenda Oxford, ikiwa na watu wapatao 500. Miongo kadhaa baadaye, wiki ya matembezi ilipofika, mji mzima ulibaki karibu mtupu.

Mashindano ya upana wa reli

Tarehe 13 Juni 1842 Malkia Victoria alisafiri kwa treni kwa mara ya kwanza, kutoka Slough hadi Paddington. Gooch mwenyewe aliendesha injini, Brunel akiwa pembeni yake. Tarehe 1 Mei 1844, reli ilipofika Exeter, Gooch aliendesha treni ya ufunguzi kutoka London hadi huko na kurudi siku hiyohiyo.

Hata hivyo, tatizo la kuwa na reli za aina mbili lilionekana mapema. Mjini Gloucester, ambako reli pana ilikutana na reli nyembamba, abiria walishuka na kubadili treni, na kila mzigo ulishushwa kwenye behewa moja na kupakiwa kwenye lingine. Mwaka 1845 serikali iliunda tume kuchunguza suala hilo. Gooch alitoa ushahidi na kusimamia majaribio. Injini yake Ixion ilifikia karibu kilomita 100 kwa saa ikivuta mzigo, wakati injini za reli nyembamba hazikufikia kasi hiyo na moja ilipinduka.

Tume ilikubali kwamba reli pana ilikuwa bora kwa kasi. Lakini wakati huo reli nyembamba zilikuwa na urefu wa maili 1,901 (kilomita 3,060) na reli pana maili 274 tu (kilomita 440). Sheria ya mwaka 1846 iliagiza kwamba reli mpya kwa kawaida zijengwe kwa milimita 1,435. Upana huo baadaye ulienea duniani, na ndio unaotumika katika reli za SGR za Kenya na Tanzania.

Gooch aliendelea kuonyesha uwezo wa reli pana. Tarehe 1 Juni 1846 injini Great Western ilikwenda kutoka Paddington hadi Exeter, kilomita 312, kwa dakika 208. Mwaka 1847 ilifuata aina ya Iron Duke, yenye magurudumu ya kuendeshea ya kipenyo cha mita 2.44. Mojawapo, Lord of the Isles, ilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Gooch pia alibuni mtambo wa kuongoza mvuke kuingia kwenye silinda na behewa la kupimia nguvu ya injini. Injini alizozibuni kwa jumla zilizidi 300, zikiwemo zilizotumika Reli ya Metropolitan, reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi, ilipofunguliwa London mwaka 1863.

Waya wa Atlantiki

Mwaka 1864 Gooch alijiuzulu usimamizi wa injini baada ya kutoelewana na wakurugenzi. Nafasi yake ilichukuliwa na Joseph Armstrong. Pamoja na wenzake, Gooch alinunua kwa bei ya chini Great Eastern, meli kubwa kuliko zote duniani wakati ule, iliyobuniwa na Brunel. Meli hiyo ilikuwa imewatia hasara wamiliki wake, lakini ilikuwa peke yake yenye nafasi ya kubeba waya mzima wa kuvuka Atlantiki.

Mwaka 1865 waya ulikatika katikati ya bahari na kuzama. Mwaka uliofuata walijaribu tena, na tarehe 27 Julai 1866 waya ulifika Newfoundland. Kisha meli ilirudi, ikauvua ule wa mwaka 1865 kutoka kilindini na kuukamilisha. Ulaya na Amerika zikawa na nyaya mbili. Gooch, aliyekuwa melini katika safari zote mbili, alipewa cheo cha baronet mwaka huohuo.

Mwenyekiti wa kampuni

Mwezi Novemba 1865 Gooch aliitwa tena Great Western, safari hii kama mwenyekiti. Kampuni ilikuwa na madeni makubwa, na mwaka 1866 benki kadhaa za London zilianguka. Alibana matumizi na kukataa miradi mipya hadi hali ilipotengemaa. Mwaka 1865 pia alichaguliwa kuwa mbunge wa Cricklade, jimbo lililojumuisha Swindon. Alikaa bungeni miaka 20 bila kushiriki katika mijadala.

Kampuni ilikuwa imepanga kujenga karakana ya mabehewa mjini Oxford, lakini watu wa chuo kikuu walipinga. Chini ya Gooch mpango huo uliachwa, na karakana ya mabehewa ikajengwa Swindon kuanzia mwaka 1868. Uamuzi huo uliongeza ajira na kupanua mji.

Kama mwenyekiti alilazimika pia kusimamia kupungua kwa reli aliyoipigania. Mwezi Mei 1872 reli zote pana za kusini mwa Wales zilibadilishwa kuwa za milimita 1,435, kwa sababu wafanyabiashara wa makaa ya mawe hawakutaka tena gharama za kuhamisha mizigo.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa handaki la reli chini ya mto Severn, lenye urefu wa kilomita 7. Uchimbaji ulianza mwaka 1873. Mwaka 1879 chemchemi kubwa ilijaza maji ndani, na wengi waliona kazi imeshindikana. Gooch alimkabidhi mhandisi John Hawkshaw uongozi wote wa mradi na kuendelea. Tarehe 5 Septemba 1885 alipita humo ndani ya treni maalumu, na treni za abiria zilianza mwezi Desemba 1886. Kwa zaidi ya miaka 100 lilikuwa handaki refu kuliko yote katika reli kuu za Uingereza.

Familia na kifo

Gooch alimwoa Margaret Tanner mwaka 1838, wakapata watoto sita. Margaret alifariki mwaka 1868, na mwaka 1870 Gooch alimwoa Emily Burder. Alifariki nyumbani kwake Clewer Park tarehe 15 Oktoba 1889, akiwa bado mwenyekiti, na akazikwa Clewer. Cheo chake kilirithiwa na mwanawe Henry.

Urithi

Mwezi Mei 1892 reli pana iliondolewa kabisa katika siku chache. Injini na mabehewa yake yote yalipelekwa Swindon na kupangwa katika uwanja uliotandikwa reli nyingi za muda, yakisubiri kubadilishwa au kuvunjwa. Kazi hiyo ilifanywa na karakana ileile iliyoanzishwa kwa ajili ya kuzihudumia. North Star na Lord of the Isles zilihifadhiwa hapo kwa miaka kadhaa, lakini nazo zilivunjwa mwaka 1906 kwa kukosa nafasi.

Karakana yenyewe iliendelea kukua. Mwaka 1901 Swindon ilikuwa na wakazi wapatao 45,000. Katika kilele chake, karne ya 20, karakana iliajiri watu wapatao 14,000. Mwaka 1960 ilijenga Evening Star, injini ya mwisho ya mvuke ya reli za taifa la Uingereza. Ilifungwa mwezi Machi 1986, na maelfu ya familia zilizorithishana kazi hapo tangu mababu zikalazimika kutafuta riziki kwingine.

Majengo mengi yaliyobaki yanalindwa na sheria ya urithi wa taifa. Moja limekuwa makumbusho ya reli, mengine maduka na ofisi. Kwenye ukuta wa jengo la ofisi kuu za zamani bado kuna michongo miwili ya mawe yenye sura ya injini za wakati wa Gooch. Nyumba za kijiji cha reli bado zinakaliwa na watu.